Ndugu Kaja Dar, Tukale Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu huja Dar kwa mengi: harusi, matibabu Muhimbili, maonesho ya Sabasaba, usaili wa kazi, au kusalimia tu. Kwa vyovyote vile, siku ya pili atauliza, "Hivi huku mjini mnakula nini?" Majibu haya ni ya mwenyeji anayetaka kumtembeza mtu wake bila kuvunja kibubu. Utaona narudia jambo moja: Dar huliwa kwa saa. Chakula kizuri kikiliwa saa isiyo yake hakina maajabu, na mgeni ataondoka akisema mjini hakuna kitu.

Mgeni anashuka leo jioni. Nimpeleke wapi moja kwa moja?

Nyumbani. Aliyetoka Mwanza kwa basi amekaa kitini zaidi ya kilomita 1,000, miguu imevimba, na Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis iko mbali na karibu kila mahali unapotaka kumwonyesha. Mpe maji ya kuoga, mpe chai. Kama huna nguvu ya kupika, tuma mtoto akafuate chipsi na mishikaki hapo mtaani. Aliyekuja na treni ya SGR kutoka Morogoro au Dodoma ni habari nyingine: huyo anashukia katikati ya mji akiwa bado na nguvu zake, mnaweza kula kwanza ndipo mwende nyumbani.

Ukisema Dar huliwa kwa saa, una maana gani?

Supu hutoka alfajiri, na ikifika saa nne nyingi zimeshaisha. Mama lishe anaanza kupakua saa sita mchana; saa tisa amebaki na ukoko. Kahawa na kashata hushika alasiri, wazee wakiwa kwenye bao na drafti. Jua likizama ndiyo moto wa mishikaki unapepewa. Pweza ni wa usiku. Ukiamka saa tano ukamwambia mjomba "twende tukapige supu", mtakuta maji ya moto na mfupa.

Kwa hiyo usipange matembezi kwa kufuata ramani. Panga kwa kufuata sufuria.

Asubuhi tuanze na supu au chai?

Inategemea umeongozana na nani. Kijana au mjomba, supu: kongoro, utumbo, ulimi, au kuku wa kienyeji, na chapati mbili pembeni. Ndimu na pilipili viko mezani, kila mtu anajitengenezea. Ndugu waliozaliwa au kukulia nje hushangaa watu wanakunywaje mchuzi wa kwato saa moja asubuhi, lakini ukimkamulia ndimu nusu na kumwambia achovye chapati, maswali huisha. Mzee wa Moshi usimpeleke kwenye mtori kwa kujiamini sana. Atauonja kijiko kimoja na kukwambia ndizi hizi si zenyewe.

Shangazi huenda asifurahie kijiwe cha supu ambako nusu ya wateja wamesimama wanabishana Simba na Yanga. Huyo mtafutie mama wa vitafunwa: vitumbua, maandazi, bagia, magimbi na mihogo ya kuchemsha, chai ya tangawizi. Wafike mapema, wakute chuma cha vitumbua bado kiko jikoni. Mafuta kidogo kila kishimo, upawa wa uji wa mchele, kingo zinakuwa za kahawia, kisha mama anapindua kwa kijiti kimoja bila kumwaga tone. Kitumbua cha saa kumi na mbili na nusu na kile kilicholala kwenye ndoo hadi saa nne ni vitu viwili tofauti.

Feri panafaa kumpeleka mgeni? Si pana vurugu?

Pana vurugu, na ndipo ningempeleka kwanza mtu yeyote wa bara. Soko la Samaki Feri lipo Kivukoni, kituo cha mwisho cha mwendokasi, kwa hiyo hata kulifikia hakusumbui.

Nendeni asubuhi boti zikiwa zimerudi. Samaki hupigwa mnada kwa mafungu. Dalali anapandisha bei kwa kasi ambayo mgeni hataelewa nani amenunua mpaka aone fungu linabebwa. Mnada ni wa wachuuzi na wenye mahoteli. Wewe unayetaka samaki wawili au watatu nenda kwa waliopanga mezani. Changu, tasi, kolekole, kibua, nguru, jodari, ngisi, kamba: mwache mgeni achague kwa macho, kisha wewe kagua. Jicho liwe angavu na lisiwe limezama, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Anayekataa usimfunue matamvua samaki wake amekwisha kukujibu.

Ukishanunua kuna vijana wa kupara magamba na kutoa matumbo. Patana bei kabla kisu hakijagusa samaki, maana baada ya hapo huna tena cha kubishania. Halafu mnaelekea kwa wakaangaji: makarai makubwa, moto mkali, moshi unaoingia machoni. Unakabidhi samaki wako, unalipia kukaangiwa, na unasimama hapo hapo kuwalinda, si kwa ubaya, ila makarai ni mengi na changu wanafanana. Wakitoka mnawala wa moto kwa ndimu, pilipili na chumvi. Ugali haukosekani jirani.

Mambo madogo: chini kumelowa, kwa hiyo viatu vya kufunika, na shangazi apandishe gauni. Simu iwe mfukoni kwa ndani. Kamera msiizungushe ovyo, kwani Ikulu ya Magogoni ni jirani kabisa na kuipiga picha ni kutafuta maneno na askari.

Mkishiba, pandeni pantoni mvuke Kigamboni. Kuvuka ni muda mfupi tu, lakini kwa mtu wa Tabora au Songea safari ile ndiyo atakayoisimulia nyumbani kuliko samaki mwenyewe. Kurudi mnaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, mkatokea Kurasini.

Binamu yangu wa Mwanza anasema samaki wa bahari hawana ladha. Nifanyeje?

Mwache aseme. Aliyekulia sato hashawishiki kwa changu, na mabishano hayo hayajawahi kupata mshindi. Mpe ambavyo Ziwa Victoria halina: ngisi wa kukaanga, kamba wa nazi, pweza. Halafu mpe samaki wa kupaka, nazi nzito iliyokolea ndimu na imeungulia kidogo kwenye mkaa. Akinyamaza, usimchokoze.

Mama lishe wa kuaminika namjuaje?

Kwa wateja wake. Ukiona bodaboda, fundi gereji na mtu wa ofisini mwenye kitambulisho shingoni wanasubiri kiti kimoja, na wewe subiri. Tazama pia kama sufuria zina mifuniko, kama maji ya kunawa yanatiririka kutoka kwenye ndoo ya bomba au watu wote wanatumbukiza mikono kwenye beseni moja, na kama maharage yanapakuliwa yakiwa bado yanafuka. Huhitaji jina la mtaa kutoka kwangu. Kando ya masoko ya Buguruni, Temeke Stereo, Tandale na Mwananyamala wapo wengi, lakini mama lishe bora wa mgeni wako huenda ni yule anayekujua na wewe, maana mgeni wa mteja wake hupakuliwa vingine.

Salimia kabla ya kuagiza. Akiwa mtu mzima, shikamoo haina hasara. Agiza wazi: "Wali maharage, mboga ya majani, na dagaa kwa juu." Ugali kwa samaki wa mchuzi au matembele ya nazi ni chaguo langu kwa mgeni aliyechoshwa na wali wa harusini. Mitaa mingi sahani ya kawaida ni kati ya shilingi 2,000 na 3,500, nyama au samaki hupandisha. Mkiwa ukoo mzima msivamie saa saba kamili bila taarifa; mpitie asubuhi umwambie, atawawekea.

Jioni ya Jumapili ni Coco Beach tu?

Si lazima, ila mgeni akirudi kwao bila kufika Coco wataniuliza mimi. Kinacholiwa pale ni mihogo. Inakaangwa vipande vikubwa, inapasuliwa katikati, inanyunyiziwa chumvi na pilipili, na kachumbari juu. Nje igongwe meno, ndani iwe ya unga. Ikivutika, umepewa iliyokaa. Ongeza mishikaki, na dafu la kushushia. Anayekata dafu mwombe akupasulie ukimaliza maji, akuchongee kijiko cha ganda lake ukombe nyama. Watoto wa bara hawajui kwamba kuna sehemu ya pili.

Fikeni saa kumi, kabla msongamano haujafunga barabara. Kuogelea, tahadhari: kuna mawe, na bahari ile haitabiriki. Chakula kinatosha kuwa sababu ya kwenda.

Kwa wasiopenda umati, jioni ya katikati ya wiki inafaa zaidi, ingawa shamrashamra hazipo na kwa maoni yangu shamrashamra ni nusu ya muhogo.

Ndugu yetu kaja kutoka Uingereza, anataka "kitu cha Dar kabisa". Ni nini?

Chipsi mayai, zege. Asidanganywe na mtu kwamba ni chakula cha wavivu. Mpeleke kibanda chenye kabati la kioo na taa ndani, asimame aone. Viazi vilishakaangwa mara ya kwanza, vimerundikana kabatini. Vinarudi kwenye mafuta vichangamke, vinahamia kwenye kikaango kipana. Mayai mawili yanapigwa kwenye kikombe kwa uma, yanamwagwa juu, kikaango kinazungushwa ili yai lishike kila kiazi. Sahani inafunikwa juu, mkono unageuza, zege linarudi upande wa pili. Likitua mezani liwe duara, kingo zimekauka, katikati bado laini. Kachumbari, tomato, pilipili ya kopo.

Akiagiza ya kufunga, mwambie ale mapema. Ikishafungwa kwenye mfuko dakika nyingi, mvuke unailegeza.

Na pweza?

Pweza ni usiku, kuanzia saa moja hivi, kwenye vituo vya daladala na kona zenye watu. Meza ndogo, taa, sinia la pweza aliyechemshwa rangi ya zambarau, na sufuria ya supu inayotokota. Unaonyesha mkia unaoutaka, wenyewe wanaita mkia, muuzaji anaukata vipande vya mdomo mmoja, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ukwaju. Supu inakuja kwenye kikombe. Kwa kachori mbili mtu anashiba.

Utani upo, na mgeni atausikia kabla hajameza: kwamba supu ya pweza ni dawa ya wanaume. Kama umeongozana na baba mkwe, chagua muuzaji mpole.

Katikati ya mji kuna nini zaidi ya mabenki?

Kuna jikoni ya Dar iliyochanganya Waswahili, Wahindi na Waarabu kwa miaka mingi, kuanzia Kisutu, mitaa ya mahekalu, hadi Upanga. Kwa anayekula mboga tupu ndipo pa kumpeleka: bhajia, kachori, sambusa za dengu, bhel. Watoto wapewe faluda. Jioni, kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, Mamboz huchoma kuku, na mkaa wao unasikika harufu kabla hujaona meza.

Urojo pia upo, Dar wengi huuita mix. Supu ya manjano yenye ukwaju na embe mbichi, ndani yake viazi, bagia, mishikaki, yai, chipsi za muhogo, chatne ya nazi. Mtu wa Unguja atakwambia wa kwao ndio wenyewe, na kwa hili simbishii.

Ijumaa ni siku ya biriani na pilau hotelini. Wahini baada ya sala, usichelewe. Saa nane na nusu hubaki wali bila nyama.

Mgeni hali nguruwe, au hali mpaka ajue nani amechinja. Nitajuaje?

Uliza nyumbani mapema, si mbele ya jiko. Sehemu kubwa ya vyakula vya mtaani Dar hupikwa na Waislamu, na kitimoto huwa na vibanda na baa zake. Hata jina likifichwa kwa utani wa mdudu au mbuzi katoliki, wahudumu watakujibu ukweli ukiuliza. Kinachosahaulika ni jiko: baa nyingine huchoma kuku na kitimoto kwa mtu mmoja, kisu kimoja. Kama ukoo umechanganyika, waache wanaotaka kitimoto na ndizi za kukaanga waende Sinza siku yao. Siku ya wote iwe ya samaki au nyama ya mbuzi. Wapenzi wa nyama choma wana Pugu Mnadani vilevile, wanakoletwa ng'ombe wa bara, na nyama hununuliwa kwa kilo kisha inaenda motoni.

Tumbo la mgeni likigoma?

Siku mbili za kwanza mpe vya moto tu, vinavyotoka jikoni mbele ya macho yenu. Kachumbari, matunda yaliyokwisha kumenywa na juisi zenye barafu zisubiri. Maji ya chupa, aangalie mfuniko. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu mno, lakini tazama kwanza mashine ilivyooshwa. Akianza kuharisha, chumvi ya kuongeza maji ipo duka lolote la dawa. Ikizidi, hospitali, si mwarobaini.

Nani analipa?

Mwenyeji. Shida ni wazee: shangazi atafungua kipochi mbele ya watu na kukataa katakata. Ongea na mama lishe mapema, au tuma kwa lipa namba wakati wengine wananawa, ikifika muda wa kubishana deni halipo. Mtoto wa mjomba wa rika lako akitaka kuchangia, mwachie vinywaji, asijione mzigo. Kahawa ya kijiweni, mia au mia mbili kwa kikombe, mwache babu awanunulie wote. Hiyo humfurahisha kuliko unavyodhani.

Wenyewe walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ukweli ni kwamba wengi wetu hatujala pweza tangu mgeni wa mwisho alipoondoka.

Mgeni kaja mwezi wa Ramadhani. Tutakula wapi?

Mchana kula kimya kimya. Wapika chakula wengi hufunga mabanda, waliobaki hutundika pazia. Hata kama nyie hamjafunga, kutafuna barabarani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Subirini alasiri, meza za futari zikianza kupangwa: mihogo na magimbi ya nazi, tambi za sukari, kunde, kaimati, uji wa pilipili manga, tende. Mitaa ya Magomeni, Ilala na Temeke hubadilika kabisa saa hiyo. Jirani akiwaalika kufuturu, nendeni. Hakuna mgahawa utakaomwonyesha mgeni Dar kuliko mkeka ule.

Usafiri?

Mwendokasi kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni au Gerezani, bajaji kwa mitaa ya ndani. Epuka saa kumi na moja jioni siku za kazi. Masika, Machi hadi Mei, mvua ikipiga sana Jangwani hujaa maji na njia ile hukatika, kwa hiyo msiwe upande usio wenu wakati mawingu yamekusanyika.

Bibi ni mzee, hawezi kuzunguka. Atakosa?

Chakula cha Dar kinatembea chenyewe. Kaa naye barazani: asubuhi atapita wa vitafunwa, mchana muuza machungwa yaliyomenywa, alasiri wa kahawa akigonganisha vikombe, jioni wa karanga. Mwite kila mmoja. Bibi atawahoji kwao wapi na ni mtoto wa nani, na kufikia siku ya tatu anapewa nyongeza ambayo wewe hujawahi kupewa.

Masaki je?

Kama mna hela na hamu, nendeni. Upepo mzuri, vyakula vya nchi nyingi. Kaangalieni bahari mnywe soda, ila msianze na njaa.

Arudi na zawadi gani ya chakula?

Wa bara hupenda nazi, ukwaju, ubuyu wa Zanzibar na korosho. Korosho nunua zilizobanguliwa, na onja moja, maana zilizokaa huwa na harufu ya mafuta ya zamani. Samaki wa kukaanga wa Feri hufika salama wakikaangwa wakauke kabisa na kupozwa kabla ya kufungwa kwenye karatasi, si nailoni. Ng'onda na papa mkavu hupatikana Kariakoo, na ndivyo bibi wengi huagiza kwa simu kabla mgeni hajakata tiketi. Papa ana harufu ambayo basi zima litaijua kabla ya Chalinze. Mtie kwenye ndoo yenye mfuniko, funga kwa gundi ya karatasi, andika jina, iingie kwenye buti, na mgeni asikubali kuipakata hata kondakta akisema buti limejaa.